Mwarobaini wa Mlangoni

Jina la yule mwenye nyumba ninalijua. Ninalijua lake, la baba yake na la babu yake, kwa sababu huko Garissa mtu hujitambulisha kwa majina matatu, na ukimuuliza zaidi huendelea kuupanda ukoo mpaka pumzi zimwishie. Sitaandika hata moja. Tangu niondoke mji ule nimeandika hadithi nyingi, na kila niliposhika kalamu alikuja akasimama mbele yangu na ndevu zake za hina, akingoja nimpe nafasi. Nafasi ndiyo hii. Jina nimemnyima, na msomaji akifika mwisho ataelewa kwa nini lile alilopewa na mji linamtosha.

Tuliingia Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama na mimi, na cherehani ya kukanyaga iliyofungwa blanketi juu ya lori la mahindi. Tulitoka upande wa vilima vya Mwingi. Mama alikuwa amefiwa na mume, na shemeji zake walikuwa wameanza kulitazama shamba letu kama watu wanaopima kitambaa. Mtu akamwambia kwamba ng'ambo ya Tana fundi wa nguo hupata chumba kwa kodi ambayo Mwingi isingempatia hata banda la kuku. Mama hakuuliza mara mbili.

Na kweli maisha yalikuwa rahisi. Sukari, tambi na maziwa ya unga viliingia kupitia Liboi, mpakani na Somalia, na kuuzwa kando ya barabara kwa bei ya kumfanya mtu wa milimani afikiri vimeibwa. Mafuta ya kupikia yalikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley ndani ya madebe, na mafuta yalipoisha debe likawa ndoo, mlango au paa la choo. Mashariki kulikuwa na jangwa lililotuletea ngamia na vumbi. Magharibi kulikuwa na milima iliyotuletea miraa. Kila alasiri magari yaliteremka kutoka Nyambene kwa mwendo wa kichaa, na wachuuzi walipofungua mizigo, mama alienda kuomba majani ya mgomba yaliyofungiwa miraa na kutupwa chini. Yalikuwa bado na unyevu. Aliyabandika usoni na kufumba macho. Wachuuzi walimcheka, naye aliwaambia, "Chekeni. Mimi nasalimia kwetu."

Vitu viwili tu vilikuwa ghali Garissa, maji na kivuli. Maji angalau yaliuzwa. Yalikuja na mikokoteni ya punda kutoka mtoni. Kivuli hakikuuzwa na mtu. Ulikuwa nacho au hukuwa nacho, na sisi hatukuwa nacho. Chumba chetu kilitazama barabara, na kuanzia saa tatu asubuhi jua lilisimama mlangoni kama askari.

Basi mama akaenda kwenye kitalu kando ya mto, akarudi na mche wa mwarobaini ndani ya karatasi nyeusi ya nailoni. Akauchimbia shimo nje, hatua chache kutoka mlangoni. Mwenye nyumba alipita, akasimama akiwa amefunga mikono mgongoni. Wakati ule alikuwa mtu mpole kwetu.

"Mama, hii mbuzi atakula kabla jioni," alisema.

"Akila nitapanda mwingine."

"Na huo bia atakula," alisema, maana kinywani mwake kila p ilitoka b.

"Basi mbuzi atachoka kabla yangu."

Akacheka, akaenda zake. Mbuzi wa Garissa hawana mchungaji mjini. Hutembea kama wapangaji wanaotafuta chumba. Mama akauzungushia mche matawi ya miiba, kisha pipa lililotolewa kitako, kisha wavu. Na kwa sababu maji yalikuwa ghali, hakuuwekea maji yake. Uliishi kwa mabaki yetu. Tuliosha nyuso juu yake. Nilipiga mswaki juu yake, nikasuuza miguu juu yake nilipotoka shule, na maji ya mwisho ya nguo yaliingia kwenye debe la Dagahaley lililotobolewa misumari, yakadondoka polepole kwenye mizizi. Nikimwaga hata kikombe kimoja mahali pengine, mama aliniuliza bila kugeuka kutoka kwenye cherehani, "Umempa nani?"

Mti ukatuelewa. Uliponifika kiunoni nilianza kujivunia. Uliponipita kichwa, mama alitoa cherehani nje. Kisha ikaja ile mvua kubwa iliyokata barabara na kutufungia mjini, Tana ikafurika mpaka kwenye mashamba ya migomba, na mwarobaini ukanywa kwa mara ya kwanza maji ambayo hayakuwahi kupita mikononi mwetu. Mvua ilipokoma ulikuwa mti mzima. Kivuli chake kilivuka barabara. Mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia aliweka madebe yake pale kupumzika, punda wa maji wakasimama wenyewe bila kuambiwa, na wateja wa mama wakaongezeka, maana nani asingependa kupimwa gauni mahali ambapo jasho linakauka?

Hapo ndipo mwenye nyumba alipoanza kuutazama.

Alikuja asubuhi moja tukinywa chai. Hakukaa.

"Mama, hii nyumba naitaka."

"Kuna kosa nimefanya?"

"Kosa hakuna. Mtoto ya dada yangu ametoka Liboi. Atafungua hoteli ya chai hapa."

Mama aliweka kikombe chini. Kisha akauliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo mdomoni. "Na mti?"

"Mti si imeota kwa blot yangu?"

"Mti huu nimeulea mimi."

Akatabasamu, na tabasamu lile bado ninalo, nimelihifadhi vizuri. "Anayelea ni Mwenyezi Mungu, mama," alisema. Akaenda.

Tungeweza kumsamehe nyumba. Nyumba ilikuwa yake. Lakini alichukua miaka ya nyuso zetu na miguu yetu, kisha akaweka jina la Mungu juu yake ili tusiweze hata kulalamika.

Tulihamia bulla ya nyuma, mtaa wa vibanda vya mabati ambako hakukuwa na jani. Mchana mabati yalilia kwa joto na mafuta ya cherehani yakawa maji. Nilikuwa msichana wa shule, mwenye kupenda vitabu, na nilipanga kisasi kama wanavyopanga watu wa vitabuni. Nilimuua yule mtu kwa njia nyingi. Nilimpa teke la ngamia. Nilimzamisha Tana kiangazi, maji yakiwa ya magotini. Mwishowe nikapata wazo lenye maana, nikamwambia mama: twende alfajiri tumenye gome la mti, tuuzungushie jeraha pande zote, tumwage chumvi. Ufe. Asiupate.

Mama alikuwa anauma uzi. "Wewe unataka kuniulia mtoto wangu kwa ajili ya mtu yule?" alisema. "Kaa. Kuna kazi."

Kesho yake, adhuhuri, alichukua kigoda na kikapu cha nguo za kupinda, akavuka mji.

Hoteli ilikuwa imeshafunguliwa. Mabenchi yalizunguka shina, jiko lilikuwa mahali palipokuwa kitanda changu, na madalali wa ngamia walikuwa wamejaa wakinywa chai ya maziwa na kungoja magari ya miraa. Mama akawatolea salamu, akaweka kigoda chake kwenye shina na kutoa sindano. Mwenye nyumba akainuka. Nadhani alitaka kusema neno. Lakini huko, mtu aliyekimbilia kivuli cha mti jua la adhuhuri hafukuzwi. Hata adui hafukuzwi. Hungojwa mpaka jua lipungue. Ni jambo ambalo mchungaji hufundishwa kabla ya kufundishwa kukamua. Madalali wote walikuwa wakimtazama.

"Mpe mama chai," akamwambia mpwa wake.

Mama akanywa. Jua lilipolegea akainuka, akashukuru, na mabaki ya chai yaliyokuwa chini ya gilasi akayamwaga kwenye mzizi.

"Mbona unamwaga?" dalali mmoja akamuuliza.

"Amezoea," mama alisema, akaondoka.

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Mimi nilimfuata nikitoka shule, nikaketi miguuni pake na daftari langu, nikimtazama yule mtu bila kupepesa. Hakuwahi kupata kosa la kumshika mama nalo. Mama alisalimu, alishona, alikunywa alichopewa, akamwaga mabaki, akasema amezoea. Madalali wakaanza utani.

"Mama, leo mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ila naona wamempunguzia chakula."

"Eh, bwana! Unamnyima mtoto ya watu chakula?" walimpigia kelele mwenye nyumba, naye akacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Lakini utani haukumtosha mama. Ningetosheka mimi. Mama alikuwa fundi. Aliuona mshono mahali ambapo wengine waliona kitambaa tu.

Katika miaka ile yote alikuwa amewashonea wanawake wa mji ule. Alijua nani ni dada ya nani, nani ameolewa na nani, harusi ya nani imefungwa na nani amegombana na nani. Na alijua jambo moja juu ya wanaume wa pale. Mwanamume wa kule atasimama mbele ya fisi, ila hatasimama mbele ya soddoh, yaani mama mkwe wake. Akimwona kwa mbali hubadilisha njia. Akikutana naye pasipo pa kukimbilia, huinamisha macho na kujibu kwa sauti ya mtoto. Kutafuna mbele yake, na hasa kutafuna miraa, ni heri ardhi immeze.

Mama akaanza kuwaambia wateja wake wazee, mmoja mmoja, "Nguo yako itakuwa tayari. Usije bulla, kuna joto. Nifuate chini ya mti, baada ya miraa kufika."

Ninakumbuka wa kwanza. Alikuja bibi mmoja mwembamba kuchukua gauni la harusi ya mjukuu. Dalali mkubwa wa mabenchi yale, mtu aliyezoea kuongea kuliko mnada, alikuwa ametanua miguu na shavu limemvimba kwa miraa kama lenye jipu. Akamwona. Sijawahi kumwona mtu mnene akipotea upesi vile. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya benchi. Wenzake walicheka mpaka wakamwaga chai.

"Kimbia, kimbia! Soddoh anakuja na fimbo!"

"Cheka tu, na wa kwako yuko njiani," mama akamwambia aliyecheka zaidi, bila kuinua macho kwenye sindano.

Na alikuwa njiani kweli.

Haikuchukua muda. Kila alasiri alikuja bibi, wakati mwingine wawili, wakaketi, wakaifunua nguo, wakaikagua mshono kwa mshono, wakaagiza chai. Kivuli kile kilikuwa kizuri. Kwa nini waharakishe? Wanaume wakaanza kuchungulia kutoka kona kabla ya kuja. Kisha wakaacha hata kuchungulia. Mpwa wa mwenye nyumba alisimama mlangoni na kitambaa begani, akihudumia mama wakwe wa Garissa waliokunywa kidogo na kuongea sana.

Mwenye nyumba alivumilia. Alikonda kidogo, nilifurahi. Hakuweza kumfukuza mama kwenye kivuli, wala hakuweza kuwafukuza wale wazee, maana nusu yao walikuwa jamaa zake. Naye, kwa kiburi au kwa uchovu, akawa anakaa pale peke yake alasiri, na kitita chake cha miraa, kama mlinzi wa mji uliohamwa.

Hapo ndipo alipokuja wa kwake.

Alikuwa bibi mfupi mwenye sauti kubwa, aliyeishi ng'ambo ya pili ya mji na hakuwahi kuiona ile hoteli. Mama alikuwa amemshonea nguo mbili na kumcheleweshea moja makusudi. Hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumwambia haijawa tayari. Alifika kutoka nyuma ya nyumba, upande ambao hakuna aliyeuangalia, akatokea mbele ya mkwe wake kabla hajajua miguu yake iko wapi.

Shavu la mwenye nyumba lilikuwa limejaa miraa. Hakuweza kutema mbele yake. Hakuweza kutafuna. Hakuweza kufungua mdomo.

"Nabad?" bibi akamsalimu.

Akatikisa kichwa.

"Mbona hunijibu? Jino linakuuma?"

"Linamuuma, eeddo," dalali mmoja akaitikia, akimwita shangazi kwa heshima, kutoka ng'ambo ya barabara, alikokuwa amejificha nyuma ya mkokoteni. "Ni jino kubwa. La kijani."

Barabara nzima ilicheka. Mwanamke wa maziwa alilazimika kuweka madebe chini. Bibi akaketi karibu na mama, akatazama juu kwenye matawi. "Mti mzuri," alisema kwa Kisomali, ambacho nilikuwa nimekijua uwanjani pa shule. "Nani alipanda?"

Macho ya kila mtu yalimwendea mwenye nyumba, naye hakuwa na mdomo wa kusema uongo.

"Mimi, mama," mama alijibu, kwa Kisomali chake cha kuungaunga.

"Na nyumba?"

"Nyumba ni yake. Nilikuwa nakaa humo."

Bibi aliutazama mlango, akautazama mti, akapima hatua zilizokuwa katikati. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Ulimtoa mwanamke kwenye mti wake?"

Alimeza. Niliona koo lake likipanda na kushuka, na ile miraa yote ikienda. Akainuka na kuingia ndani.

Asubuhi iliyofuata nilipita pale nikienda shule, na mwanga ulikuwa mwingi mno. Nilielewa kabla ya kufika. Alikuwa amewaita wenye mashoka alfajiri. Mti ulikuwa umelala barabarani, majani bado mabichi, na mbuzi wa mji wote walikuwa juu yake, wakila kile walichokitaka miaka yote. Shina lilibaki urefu wa kigoda. Sikufika shule. Nilirudi mbio bulla nikilia, nikamwambia mama wameukata, wameukata.

Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Nilijua ataukata," alisema.

"Ulijua?"

"Ungebaki kwake, baada ya miaka michache angesema aliupanda yeye. Na watu wangekubali, maana sisi tungekuwa tumeondoka." Akapitisha uzi kwenye sindano, ulimshinda mara mbili, ya tatu ukapita. "Sasa kila mtu atakumbuka nani aliupanda na nani aliukata."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwogopa mama yangu, na mara ya kwanza kutaka kuwa kama yeye.

Adhuhuri ile mabenchi ya hoteli yaliungua juani. Mwanamke wa maziwa alipita akielekea sokoni. Kwa mazoea alisimama mahali alipozoea kusimama, akatazama juu, akaona mbingu tupu. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Yule mwanamke alipandisha debe begani, akasema kwa sauti ya kufika kona ya pili:

"Nabad, Qorrax?"

Qorrax ni jua. Wanaume waliokuwa ng'ambo ya barabara wakalionja kidogo mdomoni, halafu mmoja akalirudia. Huko lakabu si mzaha wa kupita. Ikikukaa vizuri, jina ulilopewa na baba yako hubaki kwenye kitambulisho tu. Watu hukuulizia kwa lakabu, hukusifia kwa lakabu, na watoto wako huitwa wa fulani kwa lakabu hiyo hiyo. Kabla ya wiki kuisha, madereva wa mikokoteni walielekezana "karibu na kwa Qorrax". Nilimwonea wivu yule mwanamke. Nilikuwa nimejaza daftari zima kwa kisasi, naye alizishinda kurasa zangu zote kwa neno moja, akiwa amebeba maziwa.

Mpwa alikunja hoteli, akahamia Griftu kwenye soko la mifugo. Chumba kile kilikaa bila mpangaji. Mama alipanda mche mwingine bulla ya nyuma, akaanza upya kuniuliza maji nimempa nani.

Nilirudi Garissa baadaye, mtu mzima, kitabu changu cha kwanza kikiwa mkobani. Nilipita barabara ile makusudi, saa nne asubuhi. Shina lilikuwa limechipua pande zote, kama miarobaini inavyofanya, na mbuzi walikuwa wamekata kila chipukizi usawa wa mdomo wao. Hakuna aliyeweka miiba. Mwenye nyumba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mzee sasa, hina ikiwa imefifia, miguu ikiwa nje kwenye jua kwa sababu kivuli cha mlango hakikumtosha.

Nilisimama mbele yake. "Nabad, Qorrax?"

"Nabad," aliitikia, upesi, kama mtu anayeitikia jina alilozaliwa nalo. Akakunja uso kunitazama. "Wewe ni mtoto ya nani? Sikuoni. Jua inanibiga."

Jua lilikuwa nyuma yangu. Kivuli changu kilikuwa kimeanguka magotini pake, na niliona alivyovuta miguu kidogo kidogo ili ienee humo.

"Mtoto wa fundi," nilisema, nikasogea kando.